Ukidhani umeona alama ya Freemason: namna ya kuikagua

Dar, chochote chenye jicho, pembetatu au nyota hupewa jina la Freemason, kiwe kwenye fulana ya mtumba ya Karume, nyuma ya daladala au ndani ya video ya Bongo Fleva. Kabla hujaipa jina, ichore. Nakili mistari yote kwenye karatasi, hesabu ncha, andika ipi iko juu. Usitegemee picha peke yake: kamera ya mbele ya simu huweza kugeuza kushoto kuwa kulia, na picha iliyozunguka WhatsApp mara nyingi imeshakatwa pembeni, palepale palipokuwa na jina la bendi au kampuni.

Ncha ndizo zinazoamua. Nyota ya ncha tano iliyosimama wima iko kwenye bendera ya Moroko tangu 1915. Ikipinduliwa, ncha mbili zikawa juu na ndani pakawa na kichwa cha mbuzi, hiyo ni ya Church of Satan, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1966. Ya ncha sita, wazee wa pwani wanaijua kama muhuri wa Suleiman, na huandikwa kwenye hirizi. Ukiikuta na mraba wa vyumba tisa, jumlisha. Mpangilio wa kawaida ni 4, 9, 2. Chini yake 3, 5, 7. Kisha 8, 1, 6. Kila upande, hata mshazari, unatoa 15, na kwenye kona nne zimekaa 2, 4, 6 na 8, ambazo katika hesabu ya kale ya herufi za Kiarabu ni namba za ba, dal, waw na ha. Hiyo ni talasimu ya Kiarabu. Freemason hawamo.

Alama yao hasa ni bikari na skwea ya fundi, mara nyingi na herufi G katikati. Jicho walilitumia pia, ila wachoraji wa Kikristo wa Ulaya walikuwa nalo kabla Grand Lodge ya kwanza, yaani chama kikuu cha Freemason, haijaundwa London mwaka 1717. Kwenye noti ya dola moja, MDCCLXXVI chini ya piramidi ni 1776, mwaka Marekani ilipotangaza uhuru. Mwaka huohuo Adam Weishaupt alianzisha Illuminati, chama cha siri, huko Bavaria, Ujerumani, na watu wakaunganisha mambo hayo mawili. Nembo ya Illuminati ilikuwa bundi.

Bakodi, ile mistari ya kuskani kwenye pakiti za bidhaa, inahitaji macho makali zaidi. Chukua pakiti yenye namba 13 (ya kampuni iliyosajiliwa Tanzania huanza na 620). Jozi tatu za mistari myembamba zilizoshuka chini kuliko mingine, mwanzoni, katikati na mwishoni, ndizo zinazodaiwa kuwa 666, namba ya mnyama katika Biblia. Kila tarakimu ina upana wa vipimo 7, na 6 ya nusu ya kulia ya bakodi huwa hivi: mstari, wazi, mstari, kisha vipimo vinne vitupu. Jozi za pembeni zina vipimo 3 tu, ya katikati 5. Zinafanana na 6 kwa jicho. Skana inazisoma kama mipaka.

Video itazame kwenye kompyuta, kwenye chaneli rasmi ya msanii. Kipande cha TikTok kilichopunguzwa kasi na kuzungushiwa duara jekundu hakifai kuwa ushahidi. Simamisha YouTube, bonyeza alama ya mkato kurudi fremu moja, nukta kwenda mbele. Angalia sekunde mbili kabla na mbili baada. Ishara inayodumu fremu tatu mara nyingi ni mkono ulio njiani kwenda kushika miwani. Kidole cha shahada na cha mwisho vikiinuliwa, tafuta gumba: likikunjwa ni pembe za mashabiki wa rock, likinyooshwa ni "nakupenda" ya lugha ya alama ya Marekani.

Kuna aina moja isiyohitaji uchambuzi: karatasi kwenye nguzo ya umeme, au SMS, yenye jicho na namba ya simu, inayoahidi utajiri ukilipa ada ya kujiunga. Huo ni utapeli. Usitume hela wala kitambulisho; SMS ipeleke 15040, namba ya kuripoti utapeli.