Testi ya brauza leo inapita kesho inagoma? Cheki hapa kwanza

Wadau wa Playwright (zana ya kujaribu tovuti kiotomatiki ndani ya brauza), hii nimeigundua jana huku Nkuhungu neti ikiwa inajikokota: acheni kukagua kama kitu kinaonekana kwenye ukurasa kwa isVisible, tumieni expect na toBeVisible. isVisible haisubiri kabisa, inachungulia mara moja inakupa jibu hapo hapo, sasa meseji ya "Malipo yamepokelewa" ikichelewa hata nusu sekunde testi inafeli wakati programu iko poa tu. toBeVisible inarudia kucheki mpaka sekunde 5, kitu kikitokea mapema inasonga, sio kama ule ujinga wa kuilaza testi sekunde 10 kila hatua (na mimi nilikuwa nao, aisee). Ila usisahau await (neno la kuiambia kodi isubiri jibu) kabla yake, ukiisahau testi inaweza kukupa kijani (yaani imepita) hata kama kitu hakipo. Pia haikusaidii pale kitu kilipokuwepo tangu mwanzo na kinachobadilika ni maandishi, mfano salio, itaona salio la zamani itasema sawa, hapo weka toHaveText inayokagua maandishi yenyewe. Na kama seva inachukua sekunde 8, ongeza taimauti (muda wa kusubiri) ya mstari huo tu.