Gesi kwenye trela iliyoegeshwa chini ya paa

Kabla hujafungua koki ya mtungi, lizunguke banda na uhesabu kuta. Mimi na mume wangu tunaishi kwenye trela ya kuishi, hizi ambazo Wamarekani wanaziita RV, shambani nje ya Columbus, Ohio. Mwenye shamba alitupa nafasi chini ya banda lake la matrekta: nguzo za mbao, paa la bati, na ukuta upande wa kaskazini tu. Pande tatu ziko wazi na upepo unapita, kwa hiyo gesi natumia. Lingekuwa banda la kuta nne, hata kama mlango wake ni mpana wa kupitisha trekta na unaachwa wazi mchana kutwa, nisingewasha chochote kinachotumia gesi humo, na mitungi ningeifunga na kuitoa nje kabisa. Hilo halina mjadala kwangu, kwa sababu wengi wetu tunaohamia kwenye trela kukwepa kodi ya pango tuna watoto wadogo.

Sababu yenyewe ni hii. Gesi inayouzwa hapa ni propani, na ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu. Ikivuja haipai, inashuka, inatambaa sakafuni na kujikusanya chini ya trela au kwenye shimo lolote. Uwanjani upepo unaitawanya. Ndani ya kuta inabaki palepale ikisubiri cheche. Moshi wa gesi iliyoungua nao una njia yake: unatoka wa moto, unapanda, unagonga bati, unapoa, kisha unarudi chini na kuingia kwa madirisha na matundu ya feni ya juu. Ndani yake kunaweza kuwa na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu wala rangi.

Kwa hiyo angalia ubavu wa trela yako. Tundu la moshi la hita ya chumba na lile la hita ya maji yako ubavuni, yana kifuniko cha chuma chenye matundu, na chuma hicho kinaunguza, mfundishe mtoto asikiguse. Upande huo lazima utazame nje, usitazame ukuta. Sisi tulipofika trela ilikuwa imekaa kinyume, moshi unapulizwa moja kwa moja kwenye mbao za ukuta wa kaskazini. Mume wangu, ambaye ni dereva wa malori, aliitoa na kuirudisha kinyumenyume siku hiyohiyo kabla hatujapika chai. Madirisha ya upande wa matundu hayo nayafunga hita ikiwaka. Na kabla ya baridi kuanza, chungulia ndani ya matundu kwa tochi, maana buibui wanapenda kujenga humo na utando wao unaharibu moto.

Friji ndiyo inayowaponyoka wengi. Friji nyingi za trela zinatumia umeme na gesi, na zina kitufe kilichoandikwa AUTO. Ukiiacha hapo, umeme ukikatika usiku inajiwasha kwa gesi yenyewe, wewe umelala. Kama uko kwenye banda lililofungwa usitegemee kitufe, funga koki za mitungi kwa mkono. Trela mpya nyingi zina friji ya umeme mtupu, hizo hazina shida hii.

Kila ninapobadilisha mtungi napima uvujaji. Nachanganya maji na sabuni ya vyombo kwenye kikombe, sabuni isiyo na amonia wala klorini kwa sababu hizo zinakula shaba. Nafungua koki taratibu sana. Ukiifungua kwa pupa, kinga iliyo kwenye kiungio inadhani mpira umekatika, inabana gesi, na jiko linabaki na moto dhaifu. Kisha napaka povu kwenye kila kiungio, kuanzia mtungini, kwenye regulata (kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi), hadi mwisho wa mpira. Povu likikaa kimya, salama. Vikianza kuota viputo vidogo vinavyokua na kupasuka na kuota tena palepale, nafunga koki na kukaza kwa mkono. Vikirudi, simwiti jirani, naita fundi wa gesi. Kamwe usipime kwa kiberiti.

Mtungi wa akiba unakaa nje, wima, mbali na mlango. Usiuweke ndani ya trela, wala kwenye sanduku la mizigo chini yake. Una valvu inayotoa gesi yenyewe presha ikizidi, na hutaki itolee chini ya kitanda chako.

Ving'ora vinatakiwa viwili. Cha propani kinakaa karibu na sakafu. Usikizibe kwa viatu au kapu la nguo. Cha kaboni monoksaidi ni kingine, weka karibu na mnapolala. Vyote vina tarehe ya mwisho nyuma, na kikipita muda wake ni pambo tu. Pua usiiamini peke yake: ile harufu mbaya waliyotia kwenye gesi inazoeleka, ukikaa nayo muda huisikii tena.

Kupika: nafungua dirisha na kuwasha feni kila mara, hata theluji ikianguka. Maharage na makande, vitu vya kukaa motoni muda mrefu, napikia nje ya banda au kwenye jiko la umeme. Jiko la gesi si la kuotea moto, na oveni vilevile. Na nawaomba, watu wa Iringa na Limuru mnanielewa, jiko la mkaa lisiingie kwenye trela kwa sababu yoyote.

Ukihamia umeme, piga hesabu. Soketi ya ampea 30 kwa volti 120 inabeba wati 3,600. Hita ndogo moja inakula 1,500. Mbili pamoja na maikrowevu, breka, ile swichi ya kinga ya umeme, inaanguka. Wengine hapa huzungushia chini ya trela mbao au maturubai ya plastiki kuzuia baridi. Acha matundu, la sivyo umetengeneza chumba cha kukusanyia gesi.

Ukisikia harufu ya gesi au king'ora, usiwashe wala kuzima taa, usipige simu ukiwa ndani. Toeni watoto, funga koki ya mtungi kama unaifikia bila hatari, nendeni mbali kabisa na banda. Kama wote mnaumwa kichwa na kusikia kichefuchefu kwa pamoja, na mkitoka nje mnapata nafuu, hiyo ni kaboni monoksaidi, msirudi kulala. Piga 911, namba ya dharura ya hapa Marekani. Anwani ya shamba iandike na kuibandika mlangoni na uiweke kwenye simu, maana trela haina namba ya nyumba. Waambie mapema kwamba iko chini ya banda na ina mitungi mingapi. Kiingereza kikikukwama, sema tu "Swahili". Vituo vingi vina wakalimani kwa simu.