Kompyuta inasoma joto la ajabu? Ipime ikiwa imepoa

Nimekuwa nikihangaika na namba za joto zisizoeleweka, kumbe jaribio lake ni jepesi. Zima kompyuta usiku, kuzima kweli, si kuilaza. Asubuhi iwashe, na ndani ya dakika moja fungua programu ya kusoma joto, linganisha joto la prosesa (chipu kuu ya kompyuta) na kipimajoto cha chumba. Feni hupuliza hewa ileile ya chumbani, haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la hewa hiyo. Chumba kikiwa nyuzi 26 na programu ikasema 14, programu ndiyo inayodanganya.

Kwenye prosesa nyingi za Intel, kihisi huhesabu nyuzi zilizobaki kufikia kikomo cha joto cha prosesa, kisha programu huondoa hesabu hiyo kwenye kikomo chenyewe ili kupata joto. Ikikosea kikomo kwa nyuzi 10, kila namba inahama kwa 10. Prosesa za AMD, Ryzen 7 1700X na 1800X za 2017, zenyewe huripoti nyuzi 20 za ziada kwa makusudi, na programu ya zamani haiziondoi. Kwa hiyo sasisha programu kabla hujagusa bisibisi. Na ukiona mstari mmoja wa joto kwenye programu umeganda kwenye 127, mara nyingi hapo hakuna kihisi kilichounganishwa, upuuze.

Jaribio hili hunasa namba zilizo chini mno tu. Ikisoma 70 dakika ileile ya kuwasha, usiilaumu programu haraka: kagua kwanza kama kipoza joto kimekaza na feni inazunguka.