Kurudisha majani yanayoota chini ya maji kwenye chemchemi, usianze na kupanda

Wengi wakiona chemchemi imejaa mwani unaoning'inia kama pamba chafu wanakimbilia miche, wanapanda, wanapiga picha, mwezi ukiisha hamna kitu. Jiulize kwanza yale majani ya zamani yaliuawa na nini. Mara nyingi ni naitreti, kirutubisho kinacholisha mwani, kinatoka kwenye mbolea za mashambani na maji ya makaro yanayopenya ardhini, na huko Florida kikomo walichoweka kwa chemchemi zao ni miligramu 0.35 tu kwa lita. Shida maji ya ardhini hayana haraka, unachopima leo inaweza kuwa mbolea ya miaka mingi nyuma, kwahiyo anza mapema kuongea na wenye mashamba na makaro huko juu maji yanakotokea. Au ni nyayo za waogeleaji tu, hiyo kamba ya kuzuia na kibao cha onyo vinatosha.

Halafu toa mwani na tope laini, mche hauwezi kushika kwenye uji. Sehemu ndogo tumia mikono, kubwa ni pampu ya kunyonya, Crystal River, hukohuko Florida, walifanya hivyo kabla ya kupanda. Na usiurundike ukingoni jamani, mvua moja tu umerudi ulikotoka.

Miche chukua ya asili ya hapohapo, kwa kibali. Ya akwariamu, yale matangi ya samaki wa mapambo, achana nayo, gugumaji la haidrila liliingia Florida hivyohivyo miaka ya 1950 na mpaka leo wanahangaika nalo.

Kwenye kupanda ndo watu wanaharibu. Tuseme ni valisneria, yale majani kama utepe: fukia mizizi tu, pale majani yanapoanzia pabaki juu ya mchanga, ukipafukia panaoza. Majani marefu yapunguze maana yanaelea yanaung'oa mche, ubane na kijiti kilichopinda. Anza na kipande kidogo, kikikubali ndo uongeze.

Kisha funika na kizimba cha wavu, tena siku hiyohiyo, maana nguva, kobe na bata wakiona majani machanga hawakuachii hata shina. Wavu wenyewe unashika mwani na kuziba mwanga, upige brashi mara kwa mara (kazi inachosha hii, nakwambia ukweli). Usiutoe kwa kuangalia kalenda, subiri vitawi vinavyotambaa vitokeze nje ya wavu vyenyewe na ukivuta mche kidogo ugome kung'oka, halafu toa kizimba kimoja uangalie wiki kadhaa kabla hujagusa vingine.