Kupanga Njia ya Sindano Ubongoni kwa Kompyuta na Mkono wa Roboti

Anza na picha, kwa sababu kasoro iliyomo kwenye picha itafuatana nawe hadi chumba cha upasuaji. Ili kuchukua kinyama cha uvimbe ulio ndani kabisa ya ubongo, mgonjwa hupigwa MRI (picha za sumaku) ya vipande vyembamba vya takriban milimita 1, akiwa amedungwa dawa ya kung'arisha mishipa ya damu, kisha CT skani (eksirei ya vipande-vipande), ambayo huonyesha mfupa vizuri zaidi. Programu ikishazilaza picha hizo moja juu ya nyingine, hakiki kwa macho yako mwenyewe kwamba kingo za fuvu na vyumba vya maji ya ubongo vinakutana.

Sasa weka alama ya shabaha na ya mahali pa kuingilia. Mstari unaoziunganisha usiutazame kwa pembeni tu: geuza picha ushuke nao kutoka ngozini, milimita kwa milimita, ukikagua kila mshipa unaopita jirani. Ingilia kwenye kilele cha mkunjo wa ubongo, si kwenye mfereji ulio kati ya mikunjo, kwa kuwa humo ndimo mishipa mingi inamopita. Njia inayokutana na fuvu kwa mshazari mkali iache, hata ikiwa fupi, maana ncha ya keekee huteleza juu ya mfupa.

Mwaka 1985 mkono wa roboti wa kiwandani, aina ya PUMA, ulitumika kuelekeza sindano ya namna hii kwa kufuata picha za CT. Kazi ya roboti bado ni ileile, kushikilia mstari bila kutetemeka, na itaushikilia kwa uaminifu uleule hata ukiwa umekosewa. Kwa hiyo kulinganisha kichwa halisi na picha ndiyo hatua ninayosihi isiharakishwe kamwe. Kichwa kikiwa kimebanwa imara, gusisha kielekezi kwenye alama zilizowekwa kichwani kabla ya picha kupigwa. Skrubu za mfupani ni bora kuliko vibandiko, kwani ngozi husogea. Wastani mdogo wa kosa unaotolewa na programu usikutulize: gusa kona ya jicho, na skrini ikikuonyesha milimita 3 pembeni, rudia kazi yote.

Utando wa ubongo toboa kwa tundu dogo tu, kwa kuwa maji yakivuja ubongo husogea, na picha uliyopangia haitalingana tena na kilicho mbele yako.