Kopo la pilipili: zoezea la maji kwanza

Ukinunua kopo la pilipili la kumpulizia mshambuliaji ili kujilinda, tafuta na la mazoezi la aina ileile, ambalo ndani lina maji tu. Mara moja kwa wiki litoe pale unapolibeba kila siku, fungua kizuizi kinacholizuia lisipulize lenyewe kwa kidole gumba, piga hatua pembeni huku ukipuliza. Mwombe mtu akujie kwa kasi. Hapo ndipo utajua kama mfuko wako una zipu ya kukuponza. Mimi nililibeba miezi mingi chini kabisa ndani ya mkoba, na siku ya kujaribu sikulifikia kabisa!

Hofu hulegeza vidole, kwa hiyo kazi ndogo kama kufungua kizuizi lazima mkono uwe umeizoea. Muuzaji hakufundishi hilo, na kosa likitokea ni lako.

Mazoezi haya hayasaidii kama kopo la kweli lina umbo tofauti au limepitwa na tarehe, maana mgandamizo hupungua. Upepo ukikuelekea, pilipili inakurudia wewe. Na sheria ya unapoishi unaijua? Uingereza, kwa mfano, raia haruhusiwi hata kulimiliki.