Somo: Kupeleka mahakamani uamuzi wa kunyimwa visa ya ulinzi Australia

Ndugu wanachama, somo hili linamhusu mtu aliyeomba visa ya ulinzi (protection visa, ya mkimbizi) akiwa ndani ya Australia, akakataliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, akakata rufaa kwenye baraza la mapitio (ART, lililochukua nafasi ya baraza la awali, AAT, mnamo Oktoba 2024), na huko pia akashindwa. Kutoka hapo, shauri huenda Mahakama ya Shirikisho ya Mzunguko na Familia, Divisheni ya 2.

Hatua ya kwanza ni kuangalia tarehe. Sheria ya Uhamiaji ya 1958 inatoa siku 35, nazo huhesabiwa tangu siku baraza lilipotoa uamuzi, si siku uliyofungua barua pepe wala siku uliyopata mtu wa kukutafsiria. Jumamosi na Jumapili zimo.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo huwaangusha wengi, ni kutafuta kosa la kisheria. Jaji haulizi kama wewe ni mkimbizi kweli. Anauliza kama baraza lilifuata sheria lilipokukatalia. Tuseme mama mmoja alieleza kwamba anawakimbia wanamgambo wa Beni, mashariki mwa Kongo, na pia shemeji zake waliotishia kumuua, lakini ukisoma uamuzi aya kwa aya unakuta wanamgambo wamejadiliwa kurasa nne na shemeji hawakuguswa hata kwa sentensi moja. Hilo ni kosa la kupelekwa mahakamani, mradi lina uzito wa kuweza kubadili matokeo. Kulalamika kwamba “hawakuniamini” peke yake hakutoshi.

Hatua ya tatu ni kujaza fomu ya maombi na kuapa hati ya kiapo (maelezo ya maandishi unayoyathibitisha kwa kiapo), ukiambatanisha nakala ya uamuzi. Waziri wa Uhamiaji huwa mjibu maombi wa kwanza na baraza wa pili. Katika sababu zako, taja namba za aya za uamuzi. Jina lako halitachapishwa na mahakama. Utatambulishwa kwa herufi na tarakimu. Ada ipo, ila mwenye hali ngumu anaweza kuomba punguzo.

Maswali ya wanachama

Swali: Nililazwa hospitali na siku 35 zikapita. Nifanyeje?
Jibu: Omba kwa maandishi kuongezewa muda, ukieleza kwa nini haki inadai hivyo. Cheti cha daktari kitaeleza kuchelewa, lakini jaji atapima pia kama hoja zako zina nguvu.

Swali: Mchungaji wetu amenitumia barua mpya kutoka nyumbani. Niipeleke?
Jibu: Kwa kawaida haitapokelewa kuthibitisha hatari uliyonayo, kwa kuwa mahakama haisikilizi upya kisa chako.

Swali: Nikishinda, nitapewa visa?
Jibu: Hapana. Uamuzi hufutwa na shauri kurudi kwenye baraza. Ukishindwa, kwa kawaida utaamriwa kulipa gharama za Waziri, basi mwone wakili kabla ya kufungua kesi. Una siku 28 za kukata rufaa Mahakama ya Shirikisho.

Swali: Visa yangu ya muda (bridging visa, ya kukaa nchini wakati shauri likiendelea) itajiongeza yenyewe?
Jibu: Usitegemee hivyo. Mara tu unapofungua kesi, omba nyingine Wizarani kabla ya ile ya zamani kuisha, ukiambatanisha nakala ya maombi yenye muhuri wa mahakama.